Baba Huku, Mwana Kule: Waliobaki na Mfalme katika Vita vya Uhuru vya Marekani

Ndugu walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi vijana mliojibana kwenye viti vya nyuma, hamjambo. Ahsanteni kwa kunikaribisha. Sitawachosha kwa utangulizi, maana kilichonileta hapa ni deni, na deni huwa halipungui kwa kuzungushwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa darasani nafundisha vita vya uhuru vya Marekani. Ubao ulikuwa umejaa: kodi ya stempu 1765, chai kumwagwa bandarini Boston Desemba 1773, risasi za Lexington Aprili 1775, Azimio la Uhuru Julai 1776, Waingereza kusalimu amri Yorktown Oktoba 1781, mkataba wa amani wa Paris 1783. Binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha akanyoosha mkono. "Mwalimu, kuna mahali kitabu kinasema wako watu wa makoloni waliobaki upande wa mfalme wa Uingereza. Hao walikuwa akina nani? Walikuwa hawautaki uhuru?"

Kengele ilikuwa inakaribia kulia. Nikamjibu, "Walikuwa vibaraka," nikafuta ubao, nikatoka.

Jibu lile limenikaa kooni tangu siku hiyo. Si kwamba vibaraka hawakuwepo. Walikuwepo, na wengine walikula vizuri sana. Lakini nilimpa yule binti neno moja la kuwafunika mamia kwa maelfu ya watu, na sisi tunaotoka katika nchi zilizopigania uhuru tunajua neno hilo linavyoweza kufunga mlango wa nyumba ya mtu. Leo nataka kulijibu swali lake kama nilivyotakiwa kulijibu siku ile.

Tuanze na hesabu, halafu tuiache. Makoloni 13 ya Waingereza yaliyokuja kuwa Marekani yalikuwa na watu wapatao milioni mbili na nusu. Karibu nusu milioni kati yao walikuwa Waafrika na wazao wao, takribani wote watumwa. Katika wale weupe, wanahistoria wanakadiria kwamba mmoja kati ya watano hivi alibaki na Mfalme George wa Tatu. Zaidi ya 19,000 walishika bunduki katika vikosi vya watu wa makoloni wenyewe vilivyopigana chini ya bendera ya mfalme. Na katikati, kati ya waasi na watiifu, lilikuwepo kundi kubwa la watu walioomba tu wavune mahindi yao salama.

Kwa hiyo tukisema "Wamarekani walipigana na Waingereza", tumesema nusu ya kweli. Nendeni Kings Mountain, mpakani mwa Carolina mbili, tarehe 7 Oktoba 1780. Watu karibu elfu mbili walichinjana pale kwa muda wa saa moja na dakika chache. Kamanda wa upande wa mfalme, Patrick Ferguson, alikuwa Mskoti aliyetoka Uingereza na jeshi. Waliobaki, wa huku na wa kule, takribani wote walikuwa watu wa makoloni: majirani waliosaga nafaka kinu kimoja. Mapigano yalipokwisha washindi, yaani waasi, waliwachukua mateka, na siku chache baadaye wakawafungia kesi ya haraka na kuwanyonga tisa. Hiyo ni vita ya wenyewe kwa wenyewe, na tuiite hivyo.

Sasa swali la binti yule: walikuwa akina nani?

Nilipoanza kusoma nilitarajia kukuta magavana, mapadri wa Kanisa la Uingereza na wafanyabiashara wakubwa. Nikawakuta, wapo. Kisha nikakuta wapangaji. Kandokando ya mto Hudson, katika New York, ardhi ilikuwa ya mabwana wachache wenye mashamba ya maili na maili, na mkulima alilima kwa kulipa kodi kwa bwana, baba hadi mtoto, bila kumiliki hata tuta moja. Ukoo wa Livingston, mabwana wa shamba mojawapo kubwa, ulikuwa upande wa uhuru. Robert R. Livingston alikuwamo hata katika kamati ya watu watano iliyopewa kazi ya kuandika Azimio la Uhuru. Wapangaji wa ukoo huo walichagua nini? Mwaka 1777 wakainuka kwa ajili ya mfalme. Walikuwa wamesikia kwamba mfalme akishinda, ardhi ya bwana muasi itagawiwa kwa wanaoilima.

Mtu wa namna hiyo mfalme hamjui. Hajawahi kumwona, na bahari nzima iko katikati. Anayemjua ni mwenye shamba, anayekuja kudai kodi. Ninavyoona mimi, na hili ndilo nililotaka kulisema leo, wengi hawakuchagua kati ya mfalme na uhuru. Walichagua kwa kumtazama mwenye nguvu aliye karibu na mlango wao. Kama aliyewakalia shingoni alikuwa ofisa wa forodha wa mfalme, wakawa wazalendo. Kama alikuwa mwenye shamba mzalendo, wakamkumbuka mfalme.

Ndiyo maana utiifu ulihama pia. Chukueni New Jersey mwishoni mwa 1776. Jeshi la waasi chini ya George Washington linarudi nyuma, limechoka, wanajeshi wengine hawana viatu. Tarehe 30 Novemba, Jenerali Howe, kamanda wa Waingereza, na nduguye Admirali wakatoa tangazo: ndani ya siku 60, yeyote atakayekuja kuapa utiifu atasamehewa, na atapewa karatasi ya ulinzi. Watu kwa maelfu wakaenda. Mkulima akaiweka karatasi ile mfukoni kama hirizi. Kisha wakapita askari wa mfalme, Waingereza na wale Wajerumani wa kukodiwa, wakamkamatia ng'ombe wake, wakavunja uzio wake wakauwashia moto. Akawaonyesha karatasi. Wengi wa wale Wajerumani hawakuweza hata kuisoma, maana iliandikwa kwa Kiingereza.

Tarehe 26 Desemba Washington akavuka mto Delaware akashinda Trenton. Mwezi uliofuata naye akatoa tangazo lake: kila aliyechukua karatasi ya mfalme aje aisalimishe na aape kwa Marekani, au ahamie kwa Waingereza na ahesabiwe adui. Mtafakarini mkulima huyo. Ndani ya wiki nane ametakiwa aape mara mbili, kwa mabwana wawili, na kila mmoja ana bunduki. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Huyu walimshikisha mawili kwa nguvu, na yote yakamponyoka, na ng'ombe juu yake.

Wengine hawakupewa hata siku 60. Agosti 1775, karibu na Augusta mpakani mwa Georgia na South Carolina, kijana mmoja aitwaye Thomas Brown alifuatwa nyumbani na kundi la watu. Alikuwa ametoka Yorkshire mwaka mmoja kabla, na watu zaidi ya 70 wa kufanya kazi kwa mkataba, kuanza maisha. Walimtaka atie sahihi mkataba wa kugomea bidhaa za Uingereza. Akawaambia hataki kupigana na nchi aliyozaliwa, wala hataki kupigana na nchi aliyohamia, wamwache. Wakampiga kichwani kwa kitako cha bunduki mpaka fuvu likapasuka. Wakamfunga mtini, wakamwagia lami miguu, wakaweka kuni za moto chini ya nyayo. Alipoteza vidole viwili vya mguu. Wakamkata nywele kwa visu, pamoja na ngozi mahali pengine, wakampakia kwenye mkokoteni wakampitisha mitaani.

Nimesoma habari hiyo mara nyingi na bado inanitia baridi. Waliofanya hivyo walijiita Wana wa Uhuru. Na Brown, aliyesema hataki kupigana, alipona, akaunda kikosi cha mfalme huko Florida, akarudi. Mwaka 1780, Augusta ile ile, baada ya kuzingirwa na waasi na yeye mwenyewe kujeruhiwa, aliwanyonga mateka 13. Siwezi kumtetea kwa hilo, na simtetei. Ninachosema kwenu ni kwamba huyu hakuletwa na meli akiwa adui. Alitengenezwa adui, mchana kweupe, mbele ya watu.

Hayo ni ya mashamba na mipaka. Sasa ingieni nami ndani ya nyumba, kwa sababu sehemu hii ndiyo inayoniuma zaidi.

Wote mnamjua Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani. Sura yake iko kwenye noti ya dola 100. Mnajua na kisa cha tiara aliyoirusha kuchunguza umeme: mwaka 1752, mawingu ya radi, uzi, ufunguo. Msaidizi wake siku ile alikuwa mwanawe, William, kijana wa miaka kama 21. Mama yake William hajulikani kwa hakika mpaka leo. Alizaliwa nje ya ndoa, na Benjamin akamchukua akamlea nyumbani kwake. Mwaka 1757 walikwenda London pamoja, William akasomea sheria, na mwaka 1762 mfalme akamteua gavana wa New Jersey. Heshima ile baba aliisherehekea. Usisahau, wakati huo Benjamin mwenyewe alikuwa mtu wa mfalme.

Kisha mambo yakageuka. Januari 1774 Benjamin alisimamishwa mbele ya Baraza la Mfalme jijini London, akatukanwa hadharani kwa karibu saa nzima huku waheshimiwa wakicheka, naye amesimama kimya. Siku moja au mbili baadaye akavuliwa kazi ya kusimamia posta za makoloni. Alitegemea mwanawe naye ajiuzulu ugavana. William hakujiuzulu. Mwaka uliofuata, mwezi Januari, alisimama mbele ya baraza la kutunga sheria la New Jersey akawaambia wajumbe kwamba mbele yao zipo njia mbili: moja ya amani, nyingine itawafikisha kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe. Aliamini alichosema. Mishahara tuiweke kando. Mtu huyu aliapa kiapo na akakishika.

Majira ya kuchipua ya 1775 baba alirudi Marekani. Wakakutana watatu katika nyumba kubwa ya mawe iitwayo Trevose, nje kidogo ya Philadelphia: Benjamin, William, na rafiki wa siku nyingi wa Benjamin, Joseph Galloway, mtu aliyekuwa spika wa baraza la Pennsylvania. Galloway alikuwa amejaribu njia ya tatu. Septemba 1774, katika Kongresi ya kwanza, ule mkutano wa wajumbe wa makoloni, alipendekeza makoloni yawe na bunge lao moja litakalofanya kazi pamoja na Bunge la Uingereza. Pendekezo lilikwama kwa kura moja ya koloni, kisha likafutwa kwenye kumbukumbu kana kwamba halikuwahi kusemwa. Usiku ule Trevose glasi zilizunguka, na ilipokuwa usiku wa manane, Benjamin akafungua moyo: yeye ni wa uhuru kamili. Wenzake wawili wakakataa. Rafiki, mwana na baba waliagana pale, na meza ile haikukaliwa tena na watu hao watatu.

Juni 1776 William alikamatwa kwa amri ya waasi wa koloni lake mwenyewe, akapelekwa Connecticut. Pale aliachwa atembee kwa ahadi kwamba hatafanya jambo, naye akavunja ahadi: akawa anagawa kwa siri zile karatasi za msamaha za Howe. Alipogundulika, Mei 1777, alifungiwa peke yake katika jela ya Litchfield, chumba kichafu, bila kalamu wala karatasi. Mkewe, Elizabeth, alikuwa New York, mgonjwa. William aliomba ruhusa akamwone kabla hajafa. Washington mwenyewe alilionea huruma ombi lile, akalipeleka Kongresi. Kongresi ikakataa. Elizabeth alikufa Julai 28, 1777, na mumewe yuko jela.

Baba yake alikuwa Paris wakati huo, akiwaomba Wafaransa bunduki na fedha. Alikwenda na mjukuu, Temple, mwana wa William. Kwa hiyo hesabuni vizazi vitatu: babu na mjukuu upande mmoja, na yule wa katikati, mwana wa huyu na baba wa yule, upande mwingine.

Vita vilipokwisha, mwaka 1784, William, sasa mkimbizi Uingereza, aliandika barua ya kuomba wapatane. Benjamin akajibu Agosti. Alimwandikia kwamba hakuna kilichowahi kumuumiza kama kuachwa uzeeni na mwana wake wa pekee, na si kuachwa tu, bali kumkuta ameshika silaha dhidi yake katika jambo ambalo jina lake, mali yake na uhai wake vyote vilikuwa rehani. Akaongeza kwamba kuna wajibu wa maumbile unaotangulia wajibu wa siasa. Tafakarini neno hilo limetoka kwa nani. Yeye mwenyewe angeombwa aweke damu mbele ya siasa, angekubali? Ndugu wakigombana, walisema wazee wetu, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Hapa wa jembe angelima msimu baada ya msimu. Walionana mara ya mwisho Southampton, Julai 1785, kwa siku chache, wakimalizana habari za madeni na ardhi. Benjamin alikufa Aprili 1790. Katika wasia alimwachia William ardhi ya Nova Scotia, katika Kanada ya leo, na vitabu na karatasi ambazo William alikuwa nazo tayari, na akaeleza kwamba sehemu aliyoicheza dhidi yake katika vita ndiyo sababu ya kutomwachia zaidi.

Lakini nyumba ile ya Trevose ina mtu mwingine ambaye vitabu vinampita. Ilikuwa imetoka kwa baba yake Grace, mke wa Galloway. Waingereza walipoihama Philadelphia mwaka 1778, Galloway alikimbia nao pamoja na binti yao wa pekee, Betsy. Grace akabaki. Alibaki kwa makusudi, ailinde mali aliyoachiwa na baba yake, ili Betsy aikute. Sheria ikamwambia hana mali: mke akiolewa, chake ni cha mume, na cha mume msaliti ni cha serikali. Agosti 1778 maofisa walifika kwenye nyumba yake ya mjini. Alikataa kutoka. Aliandika katika shajara yake jinsi alivyowaambia kwamba hatatoka kwa hiari yake. Aliyekuja kumshika mkono na kumtoa nje alikuwa Charles Willson Peale, yule mchoraji aliyemchora Washington mara nyingi. Grace aliishi katika vyumba vya kupanga, akipita barabarani na kuona gari lake la farasi likipandwa na watu wengine, mpaka alipokufa mwaka 1782. Mume na binti hakuwaona tena.

Grace alikuwa mtiifu kwa nani? Someni shajara yake muone. Ana hasira na waasi, ana hasira na mume pia, na kuna siku anajisikia mwepesi kwamba yuko peke yake. Utiifu wake ulikuwa kwa binti na kwa urithi wa baba. Ukimwita Grace kibaraka, utakuwa umemwita nini?

Mataifa ya wenyeji nitayagusa kwa haraka, ingawa yanastahili mkutano wao. Ule muungano wa mataifa sita wa Haudenosaunee, uliodumu kwa vizazi na vizazi, ulipasuka katika vita hivi. Wamohawk wengi na Waseneca wakasimama na mfalme, Waoneida wengi na waasi, na Oriskany, Agosti 1777, wakauana wenyewe. Mkataba wa 1783 haukuwataja hata kwa mstari mmoja.

Sasa nafika kwa wale nusu milioni, Waafrika na wazao wao.

Novemba 1775 Lord Dunmore, gavana wa Virginia aliyekuwa amekimbilia melini, alitangaza kwamba watumwa wa waasi watakaokuja kuupigania upande wa mfalme watakuwa huru. Watumwa wa waasi, sikilizeni vizuri. Wale wa watiifu walitakiwa wabaki palepale. Haikuwa huruma, ilikuwa mbinu ya vita. Hata hivyo watu walitoka usiku, kwa mitumbwi na kwa miguu, na mamia wakaingia katika kikosi kilichoitwa Kikosi cha Waethiopia. Ndui iliwaua wengi kuliko risasi. Mwaka 1779 Jenerali Clinton wa Waingereza akalipanua tangazo lile kwa yeyote atakayemkimbia bwana muasi. Walikuwepo Waafrika waliopigana upande wa pili, kama kikosi cha Rhode Island cha mwaka 1778, nao waliahidiwa uhuru. Kila mmoja aliufuata uhuru mahali ulipoahidiwa.

Katika waliomkimbilia mfalme alikuwamo mtu mmoja aitwaye Harry. Alizaliwa Afrika, na wanahistoria wanaeleza kwamba ni pande za mto Gambia. Alinunuliwa mwaka 1763 na kupelekwa kuchimba mifereji kwenye kinamasi kikubwa cha Virginia, kisha akafanya kazi Mount Vernon. Naam, shamba la George Washington. Alitoroka mwaka 1776, wakati bwana wake yuko vitani akipigania uhuru.

Mwaka 1783 Harry alikuwa New York, mji wa mwisho mkubwa mikononi mwa Waingereza. Amani imesainiwa, na ibara ya saba ya mkataba inasema Waingereza waondoke bila kuchukua Weusi au mali nyingine ya Wamarekani. Boston King, fundi seremala aliyekuwa mtumwa karibu na Charleston, ameacha maandishi yake kuhusu siku zile: mabwana walikuwa wanaingia mjini kuwasaka watu wao, wanawakamata barabarani, hata kuwatoa vitandani, na watu kwa siku kadhaa hawakula wala usingizi haukuwajia. Mei 6 Washington alikutana na jenerali wa Kiingereza, Guy Carleton, huko Tappan, na jambo alilolitanguliza lilikuwa kurudishwa kwa watumwa. Carleton akamjibu kwamba wengine wameshapanda meli. Aliyeahidiwa uhuru, alisema, ameahidiwa, na serikali haiwezi kuvunja neno lake. Kama mabwana wana hasara, majina yanaandikwa, watalipwa baadaye.

Majina yakaandikwa kweli. Daftari lile lipo mpaka leo, limeandikwa majina karibu 3,000, na mimi nimezisoma baadhi ya kurasa zake. Kila mtu ana mstari wake: jina, umri, maneno mawili matatu juu ya mwili wake kama anavyopimwa mnadani, jina la bwana wa zamani, na meli. Meli L'Abondance, Julai 1783: Harry Washington, miaka 43, aliyekuwa mali ya Jenerali Washington, alimwacha miaka 7 iliyopita. Meli nyingine, Polly: Deborah, miaka 20, ana makovu ya ndui, aliyekuwa mtumwa wa Jenerali Washington, alitoka miaka kama 4 iliyopita. Karani alikuwa anaandika ili bwana alipwe. Bila kujua, aliandika orodha ya watu waliojikomboa.

Watu wapatao 60,000 waliondoka na Waingereza, wakaenda Nova Scotia, Uingereza, Bahama, Jamaika. Na tuseme na hili wazi: watiifu weupe waliondoka na watumwa wapatao 15,000, na hao walibaki watumwa. Mfalme aliyemkomboa Harry ndiye yule yule aliyewaacha hao utumwani.

Lakini wengi zaidi ya hao 60,000 hawakwenda popote. Mkataba ulisema Kongresi itayaomba majimbo yawarudishie mali zao, majimbo hayakusikiliza. Wakanyamaza, wakalipa faini, wakalala nyumba za jamaa mpaka hasira zipoe. Watoto wao wakaoana na watoto wa washindi. Kwa hiyo damu ya wale mnaowaita wasaliti imo ndani ya Wamarekani wenyewe, na bibi fulani wa New Jersey alizikwa na siri ya ile karatasi ya Howe.

Harry alifikishwa Nova Scotia, kijiji cha Birchtown, na watu weusi wengine kwa mamia. Waliahidiwa ardhi. Wengi hawakupata, na waliopata walipata mawe na msitu. Majira ya baridi ya kwanza watu waliishi kwenye mashimo yaliyofunikwa magogo. Julai 1784, katika mji wa jirani wa Shelburne, askari weupe waliostaafishwa, watiifu wenzao wa mfalme yule yule, walizibomoa nyumba kama 20 za watu weusi kwa sababu walikuwa wanafanya kazi kwa ujira mdogo. Njaa ilipoingia, Boston King anaeleza, watu waliuza nguo zao nzuri kwa kibaba cha unga, wakala mbwa na paka.

Januari 1792 meli 15 zikatoka Halifax na watu karibu 1,200, Harry na Boston King wamo, kurudi Afrika. Mwezi Machi walikuwa Sierra Leone wakifyeka msitu kuujenga mji walioupa jina Freetown. Waliahidiwa ardhi bila kodi. Kampuni ya Waingereza iliyouendesha mji ikaja kudai kodi ya ardhi kila mwaka. Wakakataa. Walikuwa watu waliotoroka, waliopigana, waliovuka bahari mara mbili, na Harry mara tatu. Septemba 1800 baadhi yao wakabandika sheria zao wenyewe hadharani, kwamba mamlaka ya kampuni yamekwisha. Wanajeshi wakaletwa, wawili wakanyongwa, na wengine wakafukuzwa wavuke maji hadi pwani ya Bullom.

Mmoja wa waliofukuzwa alikuwa Harry Washington, umri wake umeshakaribia miaka 60, amehukumiwa kwa kuasi kodi ya Waingereza, miezi kumi hivi baada ya aliyekuwa bwana wake kuzikwa Mount Vernon kwa heshima zote za baba wa taifa. Bullom iko ng'ambo tu ya mlango wa mto, na mtu akisimama pale anaiona milima ya Freetown.

Yule binti wa karibu na dirisha alimaliza shule zamani. Kama kuna anayejua alipo, naomba amfikishie mstari ule wa daftari: Harry Washington, miaka 43, alimwacha miaka 7 iliyopita. Ahsanteni sana.